Siku niliyoshindwa kumuinua mama yangu



Wengi mnanijua kwa nguo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda kozi ya ushoni, na tangu hapo nimekaa mbele ya cherehani miaka 14 nikishona magauni ya harusi, mashela na madera ya sendofu. Leo lakini sizungumzii lesi wala shanga. Nazungumzia vyuma. Najua wengine mtacheka, na mimi nilicheka, mpaka siku nitakayokuhadithieni.

Ilikuwa mwezi wa Rajab mwaka juzi, Alkhamisi, baada ya sala ya Alasiri. Mama yangu anaishi na mimi tangu alipopata kiharusi kilichomwacha na udhaifu upande wa kulia. Siku hiyo aliteleza chooni. Nilisikia ndoo inagonga sakafu, nikakimbia. Nilimkuta amelala ubavu, kanga imelowa na imemfunguka. Nikamshika makwapani nikavuta. Hakuinuka. Nikavuta tena, mgongo ukanichoma hadi nikakaa chini kando yake, maji yananitiririka miguuni. Mume wangu yuko Tanga kikazi, watoto wako chuoni wanasoma Qur'ani. Tulikaa pale kama robo saa, mama na mwanawe, hakuna anayeweza kumsaidia mwenzake.

Mwisho nilitoka barazani nikamwita kijana wa jirani. Nilimfunika mama kwa kila nilichokipata, taulo, dera langu, shuka la kitandani, lakini nguo iliyolowa mnaijua, haisitiri vizuri. Yule kijana ana adabu. Aliinamisha macho, akamuinua kama anayemuinua mtoto, akamweka kitandani na kuondoka bila ya neno. Mungu amlipe kheri.

Mama hakusema kitu mpaka baada ya Magharibi. Halafu akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine niache pale pale mpaka apite mwanamke mwenzangu."

Sikulala usiku ule. Mama yangu ameishi miaka yote na sitara yake, hakuwahi kutoka nje bila ya buibui, na mimi nimeshindwa kumsitiri ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sikukosa mapenzi wala pesa. Nilikosa nguvu tu.

Mama na gunia la mwani

Lililoniumiza zaidi ni kuwa mama yangu ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko watu wote niliowajua. Alikuwa mkulima wa mwani kule Jambiani. Anayewajua wanawake wa Jambiani, Paje na Bwejuu anajua kazi yao: maji yakipwa wanashuka, wanafunga miche kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti, na wakivuna wanarudi pwani na magunia ya mwani mbichi unaochuruzika maji. Uzito wa mwani mbichi si wa mchezo. Nikiwa mdogo mama alikuwa akinifunga mgongoni kwa kanga, gunia kichwani, anatembea kwenye mchanga akizungumza na wenzake kama hakubeba kitu.

Mimi binti yake nilikuwa nachoka nikipanda ngazi za ghorofa moja na jora la kitambaa. Nilikwenda hospitali kwa ajili ya mgongo, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniambia, "Dada, mgongo wako hauna ugonjwa. Umedhoofu. Unakaa saa kumi kwa siku umeinama. Misuli ya mgongo, tumbo na makalio imelala." Akaniambia nianze kufanya mazoezi ya nguvu, taratibu, na nipate mtu wa kunionyesha.

Kutembea nilikuwa nikitembea. Hata tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi, nishawahi kuandamana na wenzangu wa mtaani na fulana zetu za rangi moja. Kutembea kuna faida kubwa kwa moyo na pumzi. Lakini hakukunifunza kumuinua mtu mzima kutoka sakafuni.

Suruali iliyochanika

Jimu ya kwanza niliyokwenda ilikuwa ya mchanganyiko. Nilisimama mlangoni dakika tano. Ndani wanaume, muziki unapiga, vioo kila ukuta, na mmoja anajipiga picha na kila anayepita nyuma yake anaingia kwenye picha. Nikageuka nikarudi nyumbani. Sikuwa tayari kutafuta sitara ya mama yangu kwa kuipoteza yangu.

Nilikaa wiki mbili nikiuliza. Mteja wangu mmoja akanielekeza mahali penye saa za wanawake watupu, asubuhi saa mbili mpaka saa tano, siku tatu kwa wiki. Madirisha yana mapazia, simu zinawekwa kwenye sanduku mlangoni, na mwalimu ni mwanamke. Ada yake shilingi 40,000 kwa mwezi. Nilipiga hesabu, nikaona ni chini ya pesa ninayotumia kwa soda na chipsi dukani kwangu. Nikalipa.

Siku ya kwanza nilijishonea suruali pana ya kitambaa kizuri na kanzu fupi ya kufika magotini. Nikajiona nimependeza. Kocha akaniambia, "Haya, chutama mpaka ukiguse kile kibao kwa makalio, kisha simama." Nikachutama. Suruali ikachanika katikati ya miguu, sauti yake kila mtu aliisikia. Mimi, fundi wa magauni ya harusi, nguo yangu imenichanikia mbele ya wanawake kumi na moja!

Nilitaka kulia. Bibi mmoja wa makamo, umri wa shangazi yangu, akavua kanga yake begani akanifunga kiunoni na kusema, "Endelea mwanangu, hapa sote tumechanikiwa na kitu." Tukacheka mpaka kocha akakaa chini. Nikaendelea na kanga ya watu kiunoni.

Nilirudi nyumbani nikashona nyingine, safari hii nikatia kipande cha pembe nne, umbo la kashata, pale mishono minne inapokutana katikati ya miguu. Kipande hicho kinaipa nguo nafasi ya kufunguka unapochutama. Kitambaa nikachagua cha pamba inayovutika, si kile cha kung'aa kinachonata mwilini kwa jasho. Na kichwani ushungi wa kuvaa, usio na pini, kwa sababu pini na jasho havipatani.

Nilichojifunza, kwa lugha ya nyumbani

Wiki mbili za mwanzo sikushika chuma kizito hata kimoja. Kocha alinifunza kwanza kuchutama na kusimama, kusukuma ukuta kwa mikono, kuinama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, tumbo limekaza. Nilitetemeka kama jani. Kila zoezi mara 8 mpaka 10, napumzika, narudia, raundi tatu.

Siku ya pili yake nilishindwa kukaa chooni. Nikampigia kocha nikamwambia nimeumia. Akaniuliza kama ni maumivu makali ya kuchoma kwenye kiungo, au ni uzito na uchovu katika nyama ya mapaja yote mawili. Nikamwambia ya pili. Akasema hayo ni ya kawaida kwa anayeanza, hukaa siku mbili tatu kisha huondoka, na kila unavyoendelea yanapungua. Maumivu makali ya ghafla kwenye goti, bega au mgongo ndiyo ya kusimama na kuuliza. Tofauti hiyo ijueni, itakuokoeni na mengi.

Halafu likaja swali tunaloliuliza sote: nitakuwa na misuli ya baunsa? Mume wangu ndiye aliyeniuliza kwenye simu, anacheka. "Nikirudi nitakuta nimeoa mlinzi wa mlango?" Jibu ni hapana. Wanaume wana homoni inayojenga misuli mikubwa kwa wingi mno kuliko sisi. Hao wanawake mnaowaona wamefura kwenye picha wamefanya kazi hiyo miaka na miaka, na kwa chakula cha mpango maalumu. Haikujii kwa bahati mbaya, kama vile hakuna anayeamka asubuhi akakuta amekuwa fundi wa lesi.

Kinachotokea ni kingine. Mwezi wa kwanza nguvu zinaongezeka hata kabla misuli haijakua, kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli uliyonayo. Mnakumbuka mlivyoanza cherehani? Mguu na mkono havisikilizani, uzi unakatika, kisha siku moja vinaelewana. Ni vivyo hivyo.

Na mimi nina kipimo changu. Mzani ulinidanganya: nilianza na kilo 74, baada ya miezi mitatu nikawa na kilo 73. Kilo moja tu! Ningelitazama mzani peke yake ningeliacha. Lakini fundi ana tepu. Kiuno kilitoka inchi 37 kikaja inchi 34, na mabega yangu yaliyokuwa yameinama mbele yakarudi nyuma hata blauzi zangu za zamani zikanibana mgongoni. Misuli ni mizito lakini inakaa mahali padogo. Wapenzi wa mzani, nunueni tepu.

Maneno ya watu

Mama mkwe wangu hakufurahi, na sikumlaumu. Aliniambia, "Mwanangu, sisi tulifundwa kulea na kupika, vyuma tuliwaachia mabaharia." Sikubishana naye. Nilimuuliza tu, "Mama, wewe ulikuwa unachota maji wapi?" Akasema kisimani. "Ndoo ngapi?" Akanihesabia mpaka akaanza kucheka mwenyewe. Kutwanga, kubeba kuni, kuchota maji, kukuna nazi kwenye mbuzi: mazoezi ya nguvu walikuwa nayo, hawakuwa na jina lake tu. Sisi tumepata mfereji na mashine ya kusaga, alhamdulillahi, na pamoja na raha tukapata na migongo mibovu.

Ama upande wa dini, wengi wananiuliza kama inafaa. Mimi si mwanachuoni, mwenye suali amuulize shekhe au ustadhati anayemwamini. Lakini ipo hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, imo katika Sahihi Muslim, inayotujulisha kuwa muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko aliye dhaifu, na kwamba wote wawili wana kheri. Mashekhe hutufahamisha kuwa nguvu ya kwanza hapo ni ya imani. Lakini imani hiyo inasali kwa magoti gani, na inawahudumia wazee kwa mikono gani, kama mwili tumeuacha ukalala? Na Bibi Aisha, Mungu amridhie, tunasoma kuwa alishindana mbio na Mtume, rehma na amani zimshukie, mara moja akamshinda, na mara nyingine, alipokuwa amenenepa, akashindwa. Sikuona mahali alipoambiwa kukimbia si jambo la mwanamke.

Mipaka yetu tuishike: mahali pa wanawake, nguo ya kusitiri hata baina yetu wenyewe, na simu mbali. Sala isipotee kwa ajili ya jimu. Ramadhani iliponikuta nina wiki nne tu za mazoezi niliogopa nitaacha nisirudi tena. Kocha alinipunguzia: mara mbili kwa wiki, usiku baada ya Tarawehe, vyuma vyepesi, maji ya kutosha kutoka futari mpaka daku. Sikuongeza nguvu mwezi ule, ila sikuzipoteza, na Mfungo Mosi nilirudi nikaendelea pale nilipoachia.

Kwa mabiharusi

Hapa nasema na nyinyi khasa. Binti mmoja alikuja kwangu kujaribu gauni wiki mbili kabla ya harusi yake. Alikuwa anaishi kwa tango na maji ya ndimu ili apungue. Nikiwa nimepiga magoti natia pini kwenye upindo, akaniangukia. Tulimpepea, tukampa chai ya sukari, akazinduka analia, anauliza kama gauni limemtosha.

Wadogo zangu, gauni ni langu mimi kulishughulikia. Kila gauni naacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa ubavuni ili niweze kuachia au kupunguza. Mwili wako hauna kitambaa cha ziada. Unapojinyima chakula, unapoteza na misuli, na siku ya harusi umekaa na singo mwilini na hina mikononi, uso umesawijika, miguu haina nguvu ya kusimama kupigwa picha. Na ndoa haiishi siku ya sendofu. Zipo mimba, upo uzazi, wapo watoto wa kubeba, na wapo wazee.

Kama una miezi sita kabla ya harusi, anza mazoezi leo. Kama zimebaki wiki mbili, kula vizuri, lala mapema, na jimu uje baada ya fungate.

Mwezi wa Mfungo Sita

Nilianza kuinua chuma kutoka sakafuni kwa kilo 20, yaani kile chuma kirefu kitupu kisichotiwa sahani, tena kikiwa kimeinuliwa juu ya vibao. Kila nilipoweza kufanya mara 8 kwa raha, tukaongeza kilo mbili na nusu au tano. Ilipofika Mfungo Sita, wiki ya Maulidi, nilikuwa nainua kilo 60 mara tano. Mama yangu ana kilo 66. Namba hiyo niliijua, lakini sikumwambia mtu.

Pia nilijifunza kuwa nguvu peke yake haitoshi. Yule mtaalamu wa hospitali alinionyesha namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka: kwanza muulize anaumwa wapi, kwa sababu ukihisi kuna mfupa uliovunjika usimguse, ita msaada. Kama yuko salama usimvute kwa makwapani, utamtegua bega. Mgeuze ubavu, msaidie apige magoti, mwekee kiti imara mbele aegemee kwa mkono wenye nguvu, mfunge kanga iliyokunjwa kiunoni upate pa kushika, kisha inuka naye kwa miguu yako, si kwa mgongo.

Mama alianguka tena wiki ile, safari hii chumbani, akitaka kufikia msala wake. Watoto wamelala, mume wangu yuko Tanga. Nilitia kanga, nikaleta kiti, nikachutama kama nilivyochutama mara elfu. "Bismillahi, mama, tunainuka." Tukainuka. Haikuchukua dakika tatu. Hakuna mlango uliofunguliwa wala jirani aliyeitwa.

Alikaa kitandani akanitazama kwa muda. Kisha akanishika mkono hapa juu, akaufinya kama anayepima embe, na kusema, "Huu mkono wa Jambiani huu." Nikaenda jikoni kumchemshia chai, nikalia huko peke yangu.

Kama unataka kuanza

Kwa ufupi, mashoga zangu:

- Kama una mimba, presha, ugonjwa wa moyo au umejifungua karibuni, muone daktari kwanza.
- Tafuta mahali pa wanawake na mwalimu anayejua. Kama hakuna, anzia nyumbani: kuchutama mpaka kwenye kiti, kusukuma ukuta, na kubeba ndoo mbili za maji ukitembea umenyooka.
- Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na baina yake siku ya kupumzika. Hata Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki.
- Toa pumzi unapoinua, vuta pumzi unaposhusha. Usiizuie.
- Kula chakula cha kujenga mwili: mayai, dagaa, samaki, maharage, choroko. Si lazima ununue unga wa kopo.
- Siku za ada, kama mwili unakubali, fanya mepesi. Kama haukubali, pumzika na usijilaumu.
- Pima kwa tepu, si kwa mzani peke yake.
- Na suruali yako tia kile kipande cha pembe nne. Nisikilizeni mimi niliyechanikiwa.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumuabudu, atupe nguvu ya kuwalea waliotulea, na awasitiri mama zetu kama walivyotusitiri sisi tulipokuwa hatuna nguo wala meno. Mama yangu amenituma nikusalimuni. Anasema akipata nafuu anataka kuja kuiona hiyo jimu mwenyewe.

Wassalamu alaykum.